Hukumu ya Sanduku

Redio ya mjini imenipa siku nne na sanduku moja:
santuri tisa, kitabu cha picha, bango la kukunja.
Maisha yote ya Zefania Mutyabule, mfalme wa roki wa Jinja,
yametoshea kwapani. Kilo mbili na nusu,
nimeyapima kwa mizani ya Nabirye muuza dagaa.
Wanataka alama, juu ya kumi.
Wanataka pia nisiseme kwamba nilimpigia besi
miaka sita, na kwamba ananidai, au namdai,
tulishasahau ni nani.

Naanza usiku, Walukuba, umeme umekatika
ingawa bwawa liko pale pale, nalisikia
likiwaungurumia wengine.
Nafunga betri ya gari. Sindano inashuka.

Ya kwanza ni ile ya kantini ya kiwanda cha nguo,
tulipovuta waya kutoka chumba cha mafundi
na wafumaji wa zamu ya usiku wakaja na pamba nyweleni
kama wazee wa ghafla, wakacheza.
Gitaa la Zefania lilikuwa na nyuzi tano;
wa sita ulikuwa waya wa breki ya baisikeli.
Usikilizeni huo waya. Hauimbi, unakwaruza,
unakwaruza kama jembe lililogonga jiwe,
na mpaka leo nikiusikia
miguu yangu huondoka bila kuniaga.

Kumi, basi. Kumi bila ubishi.

Lakini ngoja. Wimbo wa pili, baada ya ubeti wa tatu,
pale anapovuta pumzi,
palikuwa na kikohozi.
Kikohozi cha Balikowa, mpiga ngoma, pamba mapafuni,
mchana mfumaji, usiku radi.
Santuri yangu ya zamani, iliyopindwa na jua, inacho.
Hii haina. Wamekiosha. Kitabu kinajisifu, ukurasa wa kumi na mbili:
sauti imesafishwa kwa mitambo ya kisasa.
Wamefua shati, wakamfua na mwenye shati.

Ya pili, ya tatu: sina neno, nunueni kwa ajili ya hizo.
Ya nne ni ya miaka ya kafyu,
tulirekodi chini ya blanketi, gitaa kavu,
mtu anaimba rokenrol kwa kunong'ona.
Jaribu, uone kama ni rahisi.
Ya tano ya Nairobi, kinanda kinakoroma kama friji:
mbili. Na hizo mbili ni za suruali yake kwenye jalada.
Ya sita sikuimaliza.
Ya saba ameokoka, anamwimbia Mungu kwa noti tatu,
na noti tatu zile, sijui, zilinikalisha
mpaka jogoo wa jirani akadhani anaitwa.
Ya nane ni mazoezi: nasikika nikikosea. Ahsanteni sana.
Ya tisa ni Zefania mzee, Bugembe, kwenye kiti cha plastiki,
vidole vya baridi yabisi vinautafuta wimbo ule wa kantini,
unamkimbia, anacheka, anasema, "Naja, naja,"
halafu kimya cha dakika nzima
ambacho, ajabu, hawakukisafisha.

Bei ni pensheni yangu ya miezi mitatu.
Jina la Balikowa wameliandika "Barikoa",
mara moja, kwa herufi za chungu,
na mjane wake anauza makaa hatua mia kutoka hapa;
hawakumuuliza hata tahajia.

Nimeandika saba. Nimefuta. Saba na nusu,
nusu ni ya waya wa breki.
Kesho nalirudisha sanduku kwa wenyewe.
Usiku huu nimerudia ya kwanza, wimbo wa pili,
nimengoja ubeti wa tatu uishe,
avute pumzi,

nikakohoa.